Mwosha Madirisha Hupiga Hodi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aghalabu methali hii hufundishwa kana kwamba ni hukumu iliyokwisha kukatwa, na kijana amalizapo Kidato cha Nne huondoka akiamini kuwa kupita mlango kwa mlango kutafuta kazi ni kujidhalilisha. Hebu tuitazame upya, kwa mfano wa kijana anayetaka kuanza kazi ya kuosha madirisha katika kisiwa cha Mombasa.

Kazi yenyewe ipo. Upepo wa bahari huacha chumvi juu ya vioo, vumbi nalo likanata juu ya chumvi, hata dirisha lililong'aa juma hili likafifia juma lijalo. Maduka na afisi za barabara za Moi, Digo na Nkrumah zina vioo tele. Mtaji nao si mkubwa: ndoo, sabuni, vitambaa, ngazi, na magazeti makuukuu ya kung'arishia, likiwemo hili ulishikalo, ukishalisoma. Kigumu ni kumpata mteja wa kwanza.

Neno mteja lenyewe lina funzo. Mnunuzi hununua akaenda zake, mteja hurudi. Isitoshe, mteja ni pia mtu aliye chini ya uangalizi wa mganga, yaani aliyejikabidhi kwa mwenziwe kwa kumwamini. Lakini mitaani Mombasa kuna neno jingine linalofanana nalo mno, teja, nalo ni jina la aliyetekwa na dawa za kulevya. Kijana asiyejulikana abishapo mlango, mwenye nyumba hujiuliza kwanza kama huyu ni teja. Hivyo basi, kabla ya kuuza usafi, kijana hana budi kuondoa shaka.

Katika Mji wa Kale jambo hili ni zito zaidi. Madirisha mengi ya Kuze, Kibokoni na Ndia Kuu yana mbao zinazopitisha upepo na kumwezesha aliye ndani kuona bila kuonekana. Dirisha hapo ni sitara. Anayeegemeza ngazi kabla ya kupiga hodi amempoteza mwenye nyumba, na pengine mtaa mzima. Hodi ni mara tatu; asipoitikiwa, huondoka. Akiitikiwa, aamkie, ajitaje jina na mtaa wake, kisha aulize siku na saa iwafaayo wenyewe. Na heri atangulizwe na mzee wa barazani anayewajua wazazi wake, maana neno la mzee huyo hufungua milango ambayo karatasi ya matangazo haiifungui.

Mwalimu bora wa kazi ya kuzunguka yuko papo hapo mtaani, naye ni muuza kahawa. Huchukua dele lake lenye makaa chini, akagonganisha vikombe, wala hapigi kelele. Hupita njia ile ile, saa ile ile, na watu humjua kabla ya kumwona. Huyu hujitembeza kila siku, wala kahawa yake si mbaya. Basi kinachokemewa na methali si miguu; ni kubembeleza watu wanunue kisichofaa. Kizuri nacho hakijiuzi mpaka kionekane.

Kwa hiyo mwosha madirisha achague mtaa mmoja, si kisiwa kizima. Aanze na duka la mtu anayemjua, na kioo kilichong'aa kando ya kile cha jirani kisichooshwa kitanadi kuliko maneno. Arudi siku ile ile kila juma. Bei aitaje kabla ya kulowesha kitambaa, na aiandike, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Maji aje nayo na ayahesabu katika bei: kisiwa hiki hutegemea maji ya mbali, ya Mzima na Baricho, na mifereji ikikauka, kumwomba mama wa nyumba ndoo mbili ni kumtia hasarani.

Walimu wenzangu, tunafundisha barua ya kuomba kazi na tangazo la biashara, na tufanye hivyo. Lakini barua hudhania kuwa nafasi imekwisha kutangazwa, na wengi wa wanafunzi wetu hawataikuta nafasi hiyo. Mazungumzo ya mlangoni hatuwafundishi. Hatuwaambii kwamba "labda kesho" ni kukataa kwa adabu, na kwamba anayeshukuru akaenda zake anaweza kurudi mwezi ujao akapokewa, ilhali anayeshikilia hatarudi kamwe.

Tutenge kipindi kimoja. Mwanafunzi mmoja awe ndani ya mlango wa darasa, mwingine nje na ndoo, na darasa lisikilize hodi yake. Tumsahihishe salamu, majina ya heshima na namna ya kutaja bei, kama tunavyomsahihisha upatanisho wa ngeli. Huenda mtihani usimuulize hayo, lakini mlango wa kwanza atakaoubisha utamuuliza.