Maana ya Sala (2): Hana alipotua mzigo Shilo

Kiswahili chetu kina maneno mawili makubwa kwa jambo tuliloanza kulieleza wiki iliyopita. Wakatoliki husema zaidi kusali. Walokole husema kuomba, na ibada yenyewe wakaiita maombi. Neno hili la pili ni zuri, lakini ndilo hilo hilo la barua ya maombi ya kazi. Mwombaji wa kazi hupeleka barua, husubiri, na asipojibiwa hutafuta ofisi nyingine. Nahofia wengi wetu tunasali hivyo.

Twende Shilo, sura ya kwanza ya Samweli wa Kwanza. Hana, mke wa Elkana, hakuwa na mtoto. Penina, mke mwenza, alikuwa nao, na kila mwaka walipokwenda kutoa sadaka alimchokoza hata Hana akalia na kususa chakula. Safari moja akaenda kusali. Midomo ilicheza, sauti haikusikika. Kuhani Eli, aliyeketi penye mwimo wa mlango wa hekalu, akadhani amelewa, akamkemea. Fikiri: kuhani mzima, karibu kabisa na sala ya kweli, hakuitambua kwa kuwa haikufanana na alizozizoea. Tunaopima sala kwa nguvu ya vipaza sauti tusipite hapo haraka.

Hana akajibu kwa adabu kwamba hajanywa kileo. Alikuwa akimweleza Mungu uchungu wake. Eli akamtakia amani. Hana akaenda zake, akala, na huzuni ikamtoka usoni. Mimba ilikuwa bado! Samweli alizaliwa baadaye. Siku ile aliyebadilika ni Hana mwenyewe, maana mzigo aliokuwa nao miaka yote alikuwa ameutua mbele za Mungu.

Na kama asingezaa? Msomaji ana haki ya kuuliza. Mimi hulitazama swali hilo nikiwa Gethsemane. Yesu aliomba mara tatu kikombe kile kimwepuke, nacho hakikumwepuka. Lakini yeye aliyekuwa ameanguka kifudifudi kwa uchungu aliinuka, akawaamsha wanafunzi, akaenda kuwakabili waliokuja kumkamata. Msalaba ulibaki pale pale, naye akapata nguvu ya kuuendea.

Sala ya Bwana katika Mathayo 6 ina mpangilio huo huo: Mungu kwanza, haja baadaye. Kanisa Katoliki huhesabu humo maombi saba, na mkate ni la nne. Jina la Mungu, ufalme wake na mapenzi yake vimetangulia. Sisemi tuache kuomba mkate. Mwenye mgonjwa wodini aombe, anayedaiwa ada ya shule aombe, tena kwa machozi kama Hana. Ila asiwe na haraka ya kuondoka.

Basi, msomaji, usiku wa leo, kabla hujataja haja hata moja, kaa kimya mbele za Mungu dakika tano. Fanya hivyo hadi wiki ijayo, tutakapoangalia mfungo.

Itaendelea.