Mickey Mouse Amehamia Kwetu Singida

Niseme ukweli, siku mume wangu alipoingia na ile picha nyumbani, tulinuniana hadi kesho yake jioni. Hebu fikiria, mwezi mzima tunajibana ili tukamwone daktari bingwa Dodoma, halafu mwenzangu anarudi na hadibodi kubwa kama meza, kailipia kwa hela ya safari!

Picha yenyewe sasa. Mickey Mouse na kaptula yake nyekundu anaendesha baiskeli katikati ya alizeti, nyuma kafunga tenga la kuku wa kienyeji. Ndani ya tenga, kabanwa na majogoo, yumo Donald Duck, mdomo wazi kama anabishana bei. Kwa mbali, Ziwa Singidani na mawe yake. Mchoraji ni fundi wa mabango ya saluni na kuta za chekechea. Wale Mickey wa chekechea unawajua, masikio hayalingani, mtoto akiwaona analia. Huyu hapana, huyu utadhani atakusalimia.

"Unanunua katuni, kwani sisi watoto?" nilimuuliza. Akanyamaza.

Kumbe wenzetu walishapagawa zamani. Mwaka 1961 Mmarekani Roy Lichtenstein alimchora Donald anavua samaki, ndoano imenasa koti lake mwenyewe, Mickey pembeni anajizuia kucheka. Picha hiyo, Look Mickey, iko jumba la taifa la sanaa kule Washington. Mwaka 1981 Andy Warhol naye akamtia Mickey kwenye picha zake. Hiyo ndiyo pop art: vitu vya dukani na vya magazetini, vilivyodharauliwa na wasomi, vinatundikwa ukutani kwa heshima. Na hapa Bongo, Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 pale Oysterbay, Dar, na hadibodi na rangi za baiskeli. Fundi wetu ni wa ukoo huo huo.

(Fundi, kama unasoma: Mickey aliye huru kisheria Marekani tangu Januari 1, 2024 ni yule wa filamu ya mwaka 1928, mweusi na mweupe. Kwa hiyo kaptula nyekundu, muone mwanasheria kabla hujachora za kuuza kwa wingi.)

Turudi nyumbani. Jioni ile ya pili nikasikia nyundo chumba kidogo. Kile chumba, msomaji wangu, tangu tuoane miaka minne iliyopita kinalala masanduku na gunia la vitunguu. Hatukiongelei. Nikamkuta amesimama juu ya stuli, picha imekaa upande.

"Nimechoka kuuona huu ukuta mtupu," akasema. Basi, hivyo tu. Nikaishika kona ya chini mpaka ikanyooka.

Mama mkwe alipokuja kutoka Kiomboi, nilijiandaa kwa lile swali lake la kila safari. Akachungulia chumbani, akakaa kimya, halafu: "Mwanangu, huyu bata mnamuuza shilingi ngapi?" Nilicheka hadi machozi.

Dodoma tulienda mwezi uliofuata. Miaka yote nilikuwa napima peke yangu. Safari hii alikata tiketi mbili, naye apimwe. Njiani hatukuongea sana. Tulipofika Manyoni, wauza kuku wakalizingira basi, akanigusa bega.

"Mtafute Donald."