Nani Anaamua Kesho Mtoto Asome Nini?

Mzazi anayetaka kumsomesha mtoto wake nyumbani huanza kwa kuulizia mtaala. Achukue wa Cambridge, wa Marekani, au atumie vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania? Wengine hunijia wakiwa wameshalipia maboksi ya vitabu kutoka ng'ambo. Mimi huwauliza jambo jingine: Jumatatu asubuhi, ni nani atakayeamua mtoto asome kipi, afike wapi na aache saa ngapi? Majibu ni matatu tu: kitabu, mzazi, au mtoto mwenyewe. Mbinu za kusomesha nyumbani zina majina mengi na watetezi wakali, lakini tofauti yao kubwa iko hapo, na familia nyingi hulijibu swali hilo bila hata kujua kwamba zimelijibu.

Kuna mkanganyiko mmoja wa kuondoa kwanza. Machi 2020, shule zilipofungwa Kenya na Tanzania kwa sababu ya korona, watu walisema sasa sote tunasomesha nyumbani. Haikuwa hivyo. Wazazi walikuwa wanasimamia kazi za shule: mwalimu anatuma maswali kwa WhatsApp, redio ya KBC inarusha vipindi vya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, mtoto anangoja geti lifunguliwe. Maamuzi yote yalibaki shuleni. Hata Ofisi ya Sensa ya Marekani ililazimika kunyoosha swali lake ili kutenganisha wanaosoma kwa mbali na wanaosomeshwa na wazazi wenyewe. Ilikuta kaya zinazosomesha nyumbani zimepanda kutoka asilimia 5.4 mwishoni mwa Aprili 2020 hadi 11.1 mwanzoni mwa Oktoba. Kwa kaya za Wamarekani weusi, kutoka 3.3 hadi 16.1. Ile picha ya zamani ya familia ya kizungu yenye dini kali, inayoishi mbali na mji, haikutosha tena kueleza nani anafanya haya.

Tuanze na wanaokiachia kitabu uamuzi, maana ndio wengi. Mwaka 1906 shule ya Calvert ya Baltimore ilianza kuuza masomo kwa njia ya posta. Mama alipata kitabu cha mwongozo, vitabu vya mtoto, daftari na ratiba, na familia za wamisionari na mabalozi waliokuwa nchi za mbali zilivitumia kwa miaka mingi. Leo katika Afrika Mashariki, hasa Kenya, familia za Kikristo hukutana zaidi na mfumo wa ACE, uliozaliwa Texas mwaka 1970. Kila somo limekatwakatwa kuwa vijitabu 12 kwa mwaka. Mtoto anajisomea, anajaza nafasi zilizoachwa wazi, anajisahihishia kwa kitabu cha majibu, kisha anafanya jaribio. Akikosa asilimia 80 anarudia kijitabu kilekile kabla ya kuendelea.

Usiudharau mfumo huu haraka. Mama mwenye watoto watatu na duka la kuendesha hawezi kuandaa azimio la kazi kwa kila mtoto, na mtoto aliyezoea kujiwekea malengo ya siku hupata nidhamu ambayo wanafunzi wetu wengi hawaipati hadi chuo kikuu. Kasoro yake ni kwamba kujaza nafasi si kuelewa. Nimewahi kukaa na watoto wenye alama 95 kwenye kijitabu cha sayansi, ukiwafungia kitabu na kuwaambia wakueleze mmea unapataje chakula, wanakutazama. Kuna pia suala la maudhui: hesabu za dola na senti, majimbo ya Marekani, majira yenye theluji, na sayansi iliyoandikwa kwa mtazamo wa uumbaji wa Biblia. Mzazi anayekubali hayo yote akubali akiwa ameyasoma mwenyewe.

Wazazi wanaofanya uamuzi wenyewe wana walimu wao wakubwa, na kwangu mimi aliye na mengi ya kutufaa ni Charlotte Mason, Mwingereza aliyeishi kati ya 1842 na 1923. Mwaka 1892 alifungua chuo huko Ambleside cha kuandaa wanawake watakaosomesha watoto majumbani, na chama chake kiliwatumia wazazi ratiba na orodha za vitabu. Masomo ya watoto wadogo aliyafanya mafupi, dakika 15 hadi 20, kwa sababu aliamini uzingativu ni tabia inayojengwa na kwamba kipindi kirefu huibomoa. Alikataa vitabu vya kiada vilivyokaushwa kuwa vidokezo. Alitaka kitabu kilichoandikwa na mtu mmoja anayekipenda anachokieleza. Kifungu kilisomwa mara moja tu. Kisha mtoto alifunga kitabu akasimulia alichosikia, kwa maneno yake, bila maswali ya kumwongoza.

Kusimulia huko ndiko ninakokupendekeza kwa mzazi yeyote, hata yule ambaye mtoto wake anakwenda shule kama kawaida. Hakuhitaji pesa wala cheti cha ualimu. Mtoto akijua atasimulia, anasikiliza kwa namna nyingine. Na akikwama, umeshajua pengo liko wapi bila kumpa mtihani. Watafiti wa kumbukumbu wamethibitisha tangu wakati huo kwamba kuyatoa maarifa kichwani huyakaza kuliko kuyasoma upya. Watoto wetu waliolelewa na bibi na "paukwa, pakawa" hawaoni ajabu kuambiwa wasimulie. Ajabu wanaiona shuleni, wanapoambiwa wanakili ubaoni na kunyamaza.

Kundi jingine la wazazi hufuata elimu ya kikale ya Ulaya. Dorothy Sayers, anayejulikana zaidi kwa riwaya za upelelezi, aliitetea kwenye hotuba yake huko Oxford mwaka 1947, na mwaka 1999 Jessie Wise na binti yake Susan Wise Bauer waliigeuza kuwa mwongozo mnene wa wazazi. Mtoto mdogo akariri, wa umri wa kati ajifunze kujenga hoja, kijana ajifunze kuieleza kwa ufasaha. Ngazi hizo ni za busara. Kilatini kinachoambatana nazo ndicho sioni mtoto wa Mbeya ahangaishwe nacho kwa sababu gani. Kiarabu kingemsaidia zaidi, hata kwenye Kiswahili chake.

Na wapo wanaomwachia mtoto. John Holt alikuwa mwalimu wa darasani Marekani, akaandika mwaka 1964 kitabu cha jinsi watoto wanavyofeli, na kwa miaka kadhaa alipigania shule zibadilike. Alipokata tamaa nazo, mwaka 1977 alianzisha jarida la wazazi wasiopeleka watoto shule. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto hujifunza kwa kushiriki maisha halisi ya watu wazima, na kwamba hofu ya kukosea ndiyo inayomdumaza. Nakubaliana naye kuhusu hofu. Lakini mbinu hii inadai nyumba yenye vitabu, vifaa, na watu wazima wenye muda na shughuli zinazoonekana. Kwenye chumba cha kupanga Mwananyamala, wazazi wote wawili wakiwa kazini na dada wa kazi amebaki na runinga, mtoto akipewa uhuru wa kuchagua atachagua runinga. Na kusoma hakuji kwenyewe kwa watoto walio wengi. Herufi na sauti zake ni siri iliyobuniwa na watu, na mtu ndiye wa kuifichua.

Katika maisha halisi hakuna anayebaki kwenye kundi moja. Mwaka wa kwanza mzazi hufungua shule ndogo sebuleni: kengele, ratiba ya saa mbili hadi saa tisa, pengine hata sare. Kufikia miezi michache amechoka yeye na mtoto. Kinachomshangaza kila mtu ni muda. Kipindi cha shule ya msingi ni dakika 30 hadi 40, lakini ondoa kuingia, kunyamazisha, kugawa vitabu vitatu kwa watoto 70 na kusahihisha safu kwa safu, kisha ujiulize kila mtoto amebaki na dakika ngapi za mwalimu. Nyumbani, saa mbili au tatu za kukaa kweli zinamtosha mtoto wa darasa la tatu. Mzazi anayejaza saa saba anajaza hofu yake mwenyewe.

Watu wa pwani waliolelewa chuoni, yaani madrasa, wanaujua mpangilio huu kabla ya Calvert na Mason. Katika baraza la mwalimu mmoja huyu yuko kwenye alifu na bee, yule Juzuu Amma, wa tatu anakaribia kukhitimu. Kila mmoja anasoma mbele ya mwalimu pale alipofikia, na mkubwa anamfundisha mdogo. Hakuna aliyeambiwa "darasa lako limekuacha". Mzazi mwenye watoto wa miaka sita, tisa na kumi na mbili kwenye meza moja hana haja ya kutafuta mfano ng'ambo.

Kwenye lugha ndipo ninapogombana na wazazi. Karibu mitaala yote inayouzwa ni ya Kiingereza, hivyo mtoto wa nyumba inayoongea Kiswahili anaanza kujifunza kusoma kwa lugha asiyoota nayo. Kiswahili huandikwa jinsi kinavyotamkwa: mtoto akishika silabi, ba be bi bo bu, anaweza kusoma neno lolote, hata asilojua maana yake. Kiingereza hakina huruma hiyo. Mtoto huhitaji muda mrefu zaidi kuzoea tahajia yake, na hilo linawahusu Waingereza wenyewe. Basi mwanzishe kwa Kiswahili, asome mpaka aache kuhangaika na herufi, ndipo umpe Kiingereza, maana kazi ya kufumbua maandishi anakuwa ameshaimaliza. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana bure kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Badala yake naona watoto wa Dar es Salaam wanaotaja aina za theluji na hawawezi kumsomea babu yao gazeti.

Je, watoto hawa hufanya vizuri? Jihadhari na takwimu za kujisifu. Tafiti nyingi zilizoonyesha wanawashinda wa shule zilitegemea familia zilizojitolea kuhesabiwa, na mzazi ambaye mambo yamemharibikia hajitolei. Mwaka 2013 Robert Kunzman na Milton Gaither walipitia tafiti zilizokuwepo, wakaona mwelekeo unaojirudia: watoto wa nyumbani huelekea kuwa na nguvu katika kusoma na lugha, na unyonge katika hisabati. Sishangai. Mzazi anayependa kusoma huambukiza kusoma bila kukusudia, lakini sehemu zikifika, kisha aljebra, mzazi huanza kuahirisha. Kwa somo hilo moja mtafute mtu mwingine, hata ikiwa ni tuisheni ya jirani mara mbili kwa wiki. Mtu mzima wa pili ana faida nyingine ambayo wazazi hawapendi niitaje: mtoto asiyeonekana na mwalimu yeyote, akidhulumiwa nyumbani, hana wa kumwona.

Sheria nazo hazifanani. Uingereza sheria ya 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu kwa kwenda shule au kwa njia nyingine, na maneno hayo ya mwisho ndiyo mlango. Ujerumani imeufunga, na mwaka 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu haikuilaumu. Huku kwetu hakuna sheria inayoitaja elimu ya nyumbani na kuiwekea utaratibu. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya 1978 inamtaka mtoto aliyefikia umri aandikishwe shule ya msingi. Ya Kenya ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa. Anayeanza bila kumwona mwanasheria anacheza na jambo linaloweza kumfikisha kwa chifu au mtendaji wa kata.

Mitihani ndiyo inayokata shauri. Tanzania, kijana ambaye hakupitia sekondari anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa wa NECTA, baraza la mitihani la taifa, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Cambridge hupokea watahiniwa binafsi kupitia vituo vyake, na kwa baadhi ya mitihani ya sayansi ina karatasi mbadala kwa asiye na maabara. Kenya imekuwa ngumu zaidi tangu mtaala wa umilisi uanze. Ili kupangiwa gredi ya 10, mtihani wa KJSEA wa gredi ya 9 huchangia asilimia 60, ule wa KPSEA wa gredi ya 6 asilimia 20, na asilimia 20 iliyobaki hutokana na tathmini za shuleni za gredi ya 7 na 8. Mtoto wa nyumbani hana shule ya kumpelekea alama hizo.

Ndiyo maana humwomba mzazi apige hesabu za kumrudisha mtoto shuleni siku ile ile anayoanza, kwa sababu wengi hurudi: kazi imehama, mtoto wa nne amezaliwa, pesa imekata, au kijana wa miaka 13 anataka rafiki na timu ya kuchezea. Atunze kila mwezi kurasa chache zenye tarehe: insha moja, hesabu alizokosea pamoja na alizopata, orodha ya vitabu vilivyosomwa, rekodi ya sauti ya mtoto akisimulia. Mwalimu mkuu anayempokea mtoto asiye na karatasi yoyote huwa mwangalifu, humshusha darasa moja au mawili ili asilaumiwe baadaye. Akiwekewa mezani daftari la miaka mitatu, anapata cha kujadili.