Betri Ikifa, Kompyuta Haijafa

Sisi tulioko Ujerumani tunalaumiwa sana kwamba tunatuma nyumbani kompyuta zisizokaa na chaji, na anayetuma iliyokwisha kutumika ndiye huitwa bahili. Lawama hiyo inampata asiyehusika. Betri ya lithiamu huisha kama tairi: baada ya mizunguko ya chaji kama 500 hadi 1,000, nyingi hubaki na asilimia 80 hivi ya uwezo wake, hata ikitunzwa. Joto, na kukaa kutwa kwenye asilimia 100, huzidi kuichosha. Kwa hiyo jambo la kuangalia kwanza dukani si wembamba wa kompyuta mpakato bali ni betri yake: imefungwa kwa skrubu au imegandishwa kwa gundi? Zile nene za ofisini, ambazo makampuni ya huku huziuza zingali nzima, nyingi hufunguka kwa bisibisi. Umoja wa Ulaya wenyewe ulipitisha kanuni mwaka 2023 ya kuwataka watengenezaji, kuanzia Februari 2027, waweke betri ambazo mtumiaji ataweza kuzitoa mwenyewe. Kwetu nyumbani, mafundi wa Kariakoo hawakuhitaji kanuni. Fundi anabadilisha ukisubiri. Huku mara nyingi unaambiwa ununue mpya.

Wapo wanaosema umeme wa nyumbani hauaminiki, hivyo lazima betri ijae muda wote. Hoja ina uzito siku ya mgao. Siku nyingine, kompyuta nyingi za Lenovo, Asus na Dell zina mpangilio wa kusimamisha chaji karibu asilimia 80, na kuuondoa kabla ya safari ni kazi ya dakika moja. Ama ule ushauri wa kuiacha izime kabisa ndipo uchaji, huo ulikuwa wa betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Ya lithiamu inaumia.

Kasoro halisi ya kompyuta ya Ujerumani ni kibodi, na hiyo hakuna anayeilalamikia ipasavyo. Z na Y zimebadilishana nafasi. Aliyezoea kuandika bila kutazama vidole akitaka "yeye" anapata "zeze", na "mzee" anageuka "myee". Mpangilio hubadilishwa ndani ya programu, lakini herufi zilizochapwa kwenye vitufe zinabaki zilezile, pamoja na Ä, Ö na Ü zao. Watoto waliokulia huku huona hiyo ndiyo kibodi, na ya babu yao ndiyo mbovu. Watoto haohao huweka kompyuta juu ya duveti, matundu ya hewa yameziba, wakicheza gemu mpaka usiku, halafu mzazi ndiye anayeulizwa mbona chaji haikai.

Anayebeba betri ya akiba kwenda nayo nyumbani aiweke kwenye mkoba wa mkononi. Mashirika ya ndege hayaruhusu betri ya lithiamu isiyofungwa ndani ya kifaa iingie kwenye sanduku la chini. Isiyozidi wati-saa 100 kwa kawaida hupita bila kuombewa kibali.