Umetuma leo, muhuri wa kesho: Bahasha inavyoweza kukuponza Marekani

Binamu yangu anaishi Marekani na watoto wake wawili, katika mji mdogo ulio mbali na jiji. Mdogo ana pumu. Mwaka jana aliletewa fomu ya kuhuisha bima ya afya ya watoto, ile ya serikali kwa familia za kipato cha chini iitwayo Medicaid. Akaijaza, akabandika stempu, na jioni ya siku ya mwisho, akitoka kazini, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta.

"Nimewahi," aliniandikia WhatsApp usiku ule.

Wiki chache baadaye alikwenda kuchukua dawa ya mtoto. Mhudumu wa duka la dawa akamwambia bima imesitishwa, kwani fomu ilifika baada ya tarehe iliyowekwa. Dawa ya pumu haisubiri, hivyo alitoa pesa aliyokuwa ameitenga kwa ajili ya pango la nyumba.

Tuliokulia Tanzania hatukuzoea mambo haya. Umeme, maji na ada tunalipia kwa simu, na ujumbe wa uthibitisho unaingia hapo hapo. Kule fomu, bili na hata karatasi ya kura huletwa nyumbani na wengi huirudisha kwa bahasha. Kama uko huko, au una mwanao huko, ni vizuri ujue posta inavyohesabu siku.

Muhuri unagongwa wapi?

Wengi huamini tarehe ya muhuri ni siku waliyotumbukiza barua. Si lazima iwe hivyo. Barua nyingi hugongwa muhuri na mashine kwenye kituo kikubwa cha kuchambulia barua, na kituo hicho kinaweza kuwa mbali sana na mtaa wako. Siku hizi, katika posta nyingi zilizo zaidi ya maili 50, yaani kilomita 80 hivi, kutoka kituo hicho, barua ya mchana hulala pale pale na kuchukuliwa kesho yake.

Tangu Desemba 24, 2025, kanuni za Shirika la Posta la Marekani (USPS) zinaeleza wazi kuwa tarehe ya muhuri wa mashine inaweza isiwe siku barua ilipopokelewa. Shirika linasema halijabadili namna ya kugonga mihuri, limefafanua tu hali ilivyo.

Kila bahasha na sheria yake

Ritani ya kodi ya mapato: Hapa muhuri unakulinda. Siku ya mwisho kwa kawaida ni Aprili 15. Ikigongwa muhuri siku hiyo, ikiwa na anwani sahihi na stempu za kutosha, huhesabiwa imewahi hata ikifika baadaye.

Bili ya kadi ya mkopo: Muhuri hausaidii. Kinachohesabiwa ni malipo kufika. Sheria inataka bili itumwe kwako angalau siku 21 kabla ya siku ya kulipa, na malipo yaliyofika kwa utaratibu uliowekwa kabla ya saa 11 jioni ya siku hiyo yahesabiwe yamewahi. Yakichelewa, kuna faini.

Kura: Hii ni kwa wenye uraia tu, na kila jimbo lina utaratibu wake. Katika uchaguzi wa Novemba 2024, California ilipokea kura yenye muhuri wa siku ya uchaguzi au kabla, mradi ifike ndani ya siku 7. Colorado ilitaka kura iwe mikononi mwa wasimamizi kufikia saa 1 usiku siku ya uchaguzi. Sheria hizi hubadilika, kwa hiyo soma maelekezo yaliyokuja na kura ya mwaka huu.

Ufanye nini?

• Andika tarehe mbili kwenye kalenda: ya mwisho, na ya wiki moja kabla yake. Ya pili ndiyo yako. USPS yenyewe inashauri kura itumwe angalau wiki moja kabla.

• Siku zikibana, usitumie sanduku la barabarani. Ingia posta, mwombe karani agonge muhuri kwa mkono mbele yako. Ni bure.

• Kwa ada ndogo, omba hati inayothibitisha siku uliyokabidhi bahasha. Ipige picha.

• Kama kinachohesabiwa ni kufika, tafuta njia nyingine: lipa bili mtandaoni, peleka fomu ofisini, au tumbukiza kura kwenye sanduku rasmi la uchaguzi pale lilipo.

Umeshachelewa?

Usikae kimya. Bima ya Medicaid ya watoto ikisitishwa kwa sababu fomu haikurudi, familia ina siku 90 za kuirudisha bila kuanza maombi upya. Binamu yangu hakulijua hilo mpaka alipopiga simu ofisi ya bima. Safari hii fomu aliituma mtandaoni, na bima ikarudi.

Mwaka huu fomu ilipokuja, aliijaza usiku ule ule, watoto wamelala. Asubuhi aliikabidhi kaunta, zikiwa zimebaki wiki tatu.