Usingizi Nao ni Masomo

Mwanafunzi wa Isiolo huenda akaongea Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu au Kimeru nyumbani, kisha shuleni akutane na Kiswahili na Kiingereza, lugha rasmi kwa Katiba ya Kenya ya 2010. Mzigo huo wa lugha haubebeki kwa kukesha. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa hushinda kumeza yote kwa mkupuo, na utafiti wa baadaye umeonyesha kuwa ubongo huimarisha kumbukumbu tukiwa tumelala. Utaambiwa mtihani wa KCSE haumsubiri mtu. Kweli, lakini hatujifunzi msamiati kwenye vipindi vya prepo pekee: kwenye mnada wa mbuzi na ngamia Kiswahili hupatikana bila malipo, na anayeteka maji jioni aweza kuyarudia maneno machache njiani, kisha alale mapema.