Kubadilisha vizio vya chaji ya umeme

Kubadilisha vizio vya chaji ya umeme ni kueleza kiasi kilekile cha chaji kwa kizio kingine, bila kiasi chenyewe kubadilika. Kizio cha chaji katika Mfumo wa Kimataifa wa Vizio (SI) ni kulombi (alama: C). Nje ya maabara, kizio kinachoonekana zaidi ni ampea-saa (Ah), pamoja na sehemu yake ya elfu, miliampea-saa (mAh). Hivi huandikwa kwenye betri za sola, za magari na za simu.

Hesabu hii ina umuhimu mkubwa mahali ambapo umeme hutunzwa kwenye betri. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, Tanzania, kuna kaya za vijijini zilizo mbali na nguzo za umeme, ambazo hutegemea paneli ya sola na betri kwa taa, redio na kuchaji simu. Mnunuzi asiyeelewa namba zilizoandikwa kwenye betri anaweza kulipia kitu kisichomfikisha asubuhi.

Vizio vinavyotumika

Kulombi 1 ni chaji inayopita katika waya kwa sekunde 1 ikiwa mkondo wa umeme ni ampea 1. Kizio hiki kimepewa jina la mwanafizikia wa Ufaransa Charles-Augustin de Coulomb (1736–1806), na jina hilo lilikubaliwa katika kongamano la kimataifa la umeme lililofanyika Paris mwaka 1881. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kulombi hufafanuliwa kwa kutumia chaji ya elektroni, ambayo ukubwa wake umewekwa kuwa 1.602176634 × 10⁻¹⁹ C kamili.

Uhusiano wa vizio vikuu ni huu:

- Ah 1 = C 3,600
- mAh 1 = C 3.6
- Ah 1 = mAh 1,000
- C 1 = chaji ya elektroni takriban 6.24 × 10¹⁸
- faradei 1 = takriban C 96,485 (chaji ya moli 1 ya elektroni)
- abkulombi 1 = C 10
- C 1 = takriban statikulombi 2.998 × 10⁹

Abkulombi na statikulombi ni vizio vya mfumo wa zamani unaotumia sentimita, gramu na sekunde. Siku hizi hupatikana hasa katika vitabu vya zamani vya fizikia.

Hesabu ya msingi

Chaji ni mkondo ukizidishwa kwa muda:

Q = I × t

Hapa Q ni chaji, I ni mkondo na t ni muda. Muda ukiwa katika sekunde, jibu ni kulombi. Ukiwa katika saa, jibu ni ampea-saa. Saa 1 ina sekunde 3,600, na ndiyo maana:

- kutoka Ah kwenda C, zidisha kwa 3,600;
- kutoka C kwenda Ah, gawanya kwa 3,600;
- kutoka mAh kwenda C, zidisha kwa 3.6.

Betri ya simu yenye mAh 4,000 ina chaji ya 4,000 × 3.6 = C 14,400. Betri ya Ah 100 ina 100 × 3,600 = C 360,000.

Mfano wa taa za nyumbani

Nyumba ina taa 3 za LED, kila moja ya wati 5, zinazotumia betri ya volti 12. Taa zote kwa pamoja ni wati 15, kwa hiyo mkondo ni 15 ÷ 12 = A 1.25. Zikiwashwa saa 1 jioni na kuzimwa saa 5 usiku, muda ni saa 4:

1.25 × 4 = Ah 5, au 5 × 3,600 = C 18,000

Betri ndogo ya Ah 7 inaonekana kutosha. Hata hivyo, betri ya asidi na risasi huharibika mapema ikizoea kumalizwa, na kanuni inayotumika sana ni kutozidi nusu ya chaji yake. Nusu ya Ah 7 ni Ah 3.5 tu, ambayo ni pungufu ya Ah 5 zinazohitajika. Kwa taa hizo inafaa betri ya angalau Ah 10, na kubwa zaidi ikiwa kuna simu za kuchaji au siku za mawingu.

Ampea-saa si nishati

Kosa la kawaida ni kulinganisha betri kwa ampea-saa peke yake. Ampea-saa hupima chaji. Ili kupata nishati ni lazima kuzidisha chaji kwa volti.

Pawa benki iliyoandikwa mAh 20,000 ina chaji ya Ah 20, yaani C 72,000. Betri ya Ah 7 ina C 25,200 tu. Kwa chaji, pawa benki inaizidi karibu mara 3. Lakini mAh za pawa benki kwa kawaida huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli zilizo ndani, wakati betri ile ni ya volti 12:

- pawa benki: 20 × 3.7 = wati-saa 74
- betri: 7 × 12 = wati-saa 84

Yenye namba ndogo ndiyo yenye nishati kubwa zaidi. Vilevile yuniti inayonunuliwa kwa LUKU ni kilowati-saa 1, ambayo ni kizio cha nishati. Haiwezi kugeuzwa kuwa kulombi bila kujua volti.

Chaji ya radi

Ukanda wa Ziwa Victoria, ambamo mkoa wa Mara umo, ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi barani Afrika. Radi moja ya kawaida husafirisha chaji ya takriban C 15. Ikigeuzwa, ni 15 ÷ 3.6 = mAh 4.2 hivi, yaani chaji ndogo mno kuliko ile ya betri ya simu.

Hatari ya radi hutokana na volti zake kubwa sana na ufupi wa muda. Chaji ambayo simu huitoa kwa dakika chache, radi huipitisha kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mkondo wake huweza kufikia makumi elfu ya ampea. Uchache wa kulombi hauifanyi radi kuwa salama, na kujikinga chini ya mti wakati wa mvua ya radi ni hatari.

Chaji na dhahabu

Huko Nyamongo, wilayani Tarime, upo mgodi wa dhahabu wa North Mara. Katika mitambo mingi ya dhahabu inayotumia sianidi, dhahabu iliyoyeyuka hutolewa katika mmumunyo kwa mkondo wa umeme. Kila atomu ya dhahabu hupokea elektroni 1, kwa hiyo faradei 1 hutoa moli 1 ya dhahabu, sawa na gramu 197 hivi. Kwa gramu 1 inahitajika chaji ya 96,485 ÷ 197 = takriban C 490, au Ah 0.136. Kiwandani chaji inayotumika ni zaidi ya hiyo, kwa sababu sehemu ya mkondo huishia katika mabadiliko mengine ya kikemia.

Kukagua jibu

Kizio kikiwa kidogo, namba huwa kubwa. Kulombi ni ndogo kuliko ampea-saa, hivyo namba ya kulombi lazima iwe kubwa kuliko ile ya ampea-saa kwa chaji ileile. Mwanafunzi anayegeuza Ah 7 na kupata C 0.0019 amegawanya mahali pa kuzidisha. Ni vizuri pia kuandika kizio katika kila hatua ya hesabu, hasa A na Ah: ya kwanza ni mkondo, ya pili ni chaji.